Kiinua Mgongo

Nilimbandika kidoa chekundu sikioni,
cha pili kwenye mfupa ule unaochomoza
pale shingo inapoacha kuwa shingo.
Nikapiga picha ubavuni, nikachora mstari.
Nyuzi thelathini na tisa.
"Ni nyingi?" akauliza Aurèle Jeanmairet.
Ni chache, nikamwambia. Kichwa kimetangulia,
kiwiliwili kinafuata shingo upande.
Akacheka. Kicheko kikakatika katikati.

Miaka thelathini na minne, La Chaux-de-Fonds,
dirisha la kaskazini, lenzi jichoni,
kibanio mkononi, na skrubu ndogo kuliko chawa
ambayo ukiipigia chafya huioni tena.
Basi alijifunza kutopiga chafya.
Alijifunza kuvuta hewa ya juujuu, kidogokidogo,
kama mtu anayekopa na hataki deni likue.
Kifua kikajikunja juu ya saa za watu,
mbavu zikasahau kwamba zina bawaba.

Mwezi Machi kiwanda kikamuaga:
keki ya lozi, hotuba, bahasha.
Kiinua mgongo kikaingia benki.
Mgongo haukuinuka.

Hakuja kwangu kwa ajili ya shingo.
Alikuja kwa ajili ya tarumbeta, lile kubwa la besi,
bendi ya mtaa, kiti cha tatu kutoka mlangoni.
Upo wimbo wa mazikoni wenye noti moja ya hesabu nane.
Yeye hukatika kwenye tano.
Maëlys, binti wa miaka kumi na sita anayekaa kando yake,
humalizia tatu zilizobaki, taratibu, bila kumtazama.
"Hilo ndilo linaloniuma," alisema.
"Ile kutonitazama."

Nikamvika barakoa, nikampandisha baiskeli.
Dakika ya sita mabega yalikuwa masikioni.
Misuli ya shingo, ile iliyobeba kichwa kutwa,
ikaitwa na kuinua mbavu pia,
kibarua mmoja, zamu mbili,
na moyo, maskini, ukawa unakimbia kulipia
hewa ambayo kifua hakikuifungulia mlango.

Nisidanganye. Daktari Vuilleumier hunionya:
wawili kuongozana njiani si hoja
kwamba mmoja kamzaa mwenziwe.
Huenda ni kukaa. Huenda ni umri,
au tumbaku aliyoiacha juzijuzi.
Tena yupo Odile, wa benchi la pili,
amepinda kuliko yeye, shingo kama mpini wa mwavuli,
anapanda Pouillerel kila Jumapili akipiga soga
na anayehema ni mbwa.

Nikamwonyesha ninachokijua, basi:
keti. Kidevu nyuma. Si juu, nyuma,
kama mtoto anayekataa kijiko cha dawa.
Weka kiganja mbavuni. Sasa vuta.
Hewa ikashuka mahali isipofika siku nyingi.
Niliuona uso wake ukishtuka,
kama mtu aliyefungua chumba cha wageni
akakuta kumbe mna dirisha.

Wiki tisa. Nyuzi zimeongezeka tatu,
tatu tu, na kipimo changu huweza kukosea mbili.
Baiskeli ilisema nafuu. Kidogo.
Lakini Jumamosi, mazikoni kwa mzee Huguenin,
alifika sita, akafika saba.
Ya nane ilikuwa ya Maëlys,
na safari hii, anasema, alimtazama.

Ripoti haina kisanduku cha jambo hilo.
Naandika namba. Saa moja na nusu usiku,
theluji ya mwisho inateleza paani.
Kioo cha kompyuta kinazimika, kinanirudishia sura yangu:
pua karibu iguse herufi,
kichwa mbele, mimi nyuma.
Nanyamaza, nasikiliza.
Pumzi yangu nayo iko juujuu,
ya mkopo.